Watunza Kompyuta wa Homa Bay na Migori

Ijumaa moja, yapata saa nne za asubuhi, nilikuwa nimesimama katika foleni ndani ya ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Homa Bay. Mbele yangu alikuwa mama mmoja muuza omena, kitabu chake cha uanachama amekifunga ndani ya leso. Alikuja kutoa karo ya mtoto. Nyuma yangu alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akitazama saa yake kila mara, maana alikuwa na gari la kuwahi. Foleni ilikwenda vizuri hata ikamfikia yule mama, na hapo ndipo msichana wa dirishani alipoinua mikono kutoka kwenye vibonye vya mashine yake akasema maneno mawili ambayo siku hizi yanajulikana nchini pengine kuliko salamu: "Sistimu imelala."

Ajabu ni kwamba hakuna aliyemtazama msichana huyo. Macho yote yaligeukia mlango mmoja mwembamba uliokuwa chini ya ngazi, mlango ambao ungeupita ukidhani ni wa stoo ya mafagio. Meneja alitoka ofisini mwake akaugonga kwa funguo zake za gari. Akatoka kijana mrefu, waya wa buluu umemning'inia shingoni kama tasbihi, akapanda ngazi mbili mbili bila kusema neno. Mwalimu mstaafu akatamka kwa sauti ya kusikika kwamba vijana hawa wanalipwa bure, kazi yao ni kulala pamoja na hiyo mitambo yao. Dakika ishirini zikapita. Mtambo ukaamka. Yule mama akapata karo yake akaenda zake, na kijana akarudi chini ya ngazi pasi na mtu hata mmoja kumwambia ahsante.

Kijana huyo ndiye niliyekuja kumtafuta. Marehemu babake alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa majirani Majengo, Mombasa, na mtoto alikulia mikononi mwetu kabla familia haijarudi kwao Rongo. Ndiyo maana mpaka leo huniita Ami, na Kiswahili chake kina ladha ya kwetu ingawa anaishi kando ya Ziwa. Alikuwa ameniahidi kwamba baada ya sala ya Ijumaa tungesafiri pamoja hadi Migori, safari anayoifanya kila juma, na njiani angenieleza kazi yake ni kazi gani. Nami nilitaka kweli kujua. Nimeandika habari za mabaharia, za wachonga milango, za wapika halua na za manju wa ngoma, lakini mtu wa kompyuta katika ofisi isiyouza kompyuta sikupata kumwandika, na huenda hata wewe, msomaji mpenzi, hukupata kumfikiria ila siku ile sistimu ilipolala.

Kwanza tuelewane ni nani ninayemzungumzia. Sisemi juu ya wale wa Nairobi wanaotunga programu na kuziuza. Hao wako nyumbani mwao. Namsema yule aliyeajiriwa na hospitali, na kiwanda cha sukari, na serikali ya kaunti, na chama cha akiba, na shule, ili aitunze mitambo ya watu ambao shughuli yao ni nyingine kabisa. Hospitalini mwenye nyumba ni daktari. Kiwandani mwenye nyumba ni fundi wa mitambo ya kusaga miwa. Katika chama cha akiba mwenye nyumba ni mhasibu. Huyu wetu ni mgeni kila alipo, na mgeni huyo ameshikishwa funguo za vyumba vyote.

Chumba chake chini ya ngazi nilikiona. Hakina dirisha. Kuna kabati la chuma lenye mitambo inayovuma kama nyuki, kuna feni, na kuna meza iliyojaa maiti za vyombo: printa iliyokatika meno, simu za mezani, redio ya mlinzi, pasi ya nguo ya mke wa mkubwa mmoja. Nikamuuliza pasi imefuata nini humo. Akacheka akasema, "Ami, hapa kila kitu chenye waya ni changu." Pampu ya maji ikikwama, huitwa yeye. Televisheni ya chumba cha wageni ikikosa picha siku ya mpira, huitwa yeye, na huitwa kwa haraka kuliko siku ya kufunga hesabu. Zaidi ya hayo wapo wadudu. Anasema yako majira ambayo visubi wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi, wakaja mjini kwa mawingu mawingu, na feni za mitambo huwavuta ndani hata vyombo vikaziba pumzi. Hilo mwalimu wake chuoni hakumfundisha. Kisha kuna radi. Ukanda wote huu wa Ziwa hupigwa na radi mno, na radi moja ikishuka kwenye nguzo ya umeme huweza kupita kwenye waya ikachoma mashine za nyumba nzima kwa mpigo mmoja.

Tulipotoka msikitini tulipata matatu ya Rongo. Kijana alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi aliouweka mapajani, akauzungushia mikono miwili, nami nikadhani amebeba fedha. Siyo fedha. Ni diski, kisahani cha chuma kisichozidi ukubwa wa msahafu mdogo, na ndani yake mna nakala ya hesabu za kila mwanachama: amana, mikopo, wadhamini, riba. Ameifunga kwa neno la siri ili hata ikiibwa isisomeke. Kila Ijumaa huipeleka katika tawi la Migori ikakae ndani ya sefu, akarudi na ile ya juma lililopita. Ofisi ya Homa Bay ikiungua moto usiku mmoja, hesabu za watu hazitaungua nayo. Nikamuuliza, je, uongozi ndio uliomwagiza afanye hivyo? Akasema hapana. Aliwaomba waigharimie huduma ya kupeleka nakala kwa njia ya mtandao wakamwambia fedha hazipo mwaka huu, basi akaomba nauli ya matatu, nayo ikakubaliwa kwa shida.

Kwa nini fedha hazikuwapo? Hapa ndipo penye kiini cha maneno, na nitakaa kidogo. Katika vitabu vya mhasibu, kila idara ina upande wake. Wanaopokea amana wanaleta, wanaotoa mikopo wanaleta. Idara ya kompyuta inatoa tu. Kila mwaka inaomba: betri, waya, leseni, mashine mpya badala ya kuukuu. Haijapata kuleta senti moja ikaonekana. Kwa hiyo mwaka ukiwa mbaya, kisu huanzia huko. Pale walikuwa watatu. Wawili wameondoka, mmoja kwa hiari na mwingine kwa barua, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Likizo yake ya mwisho, anasema, aliikatiza siku ya pili. Nimewaona mameneja, wala sisemi wa Homa Bay peke yao, wanaonunua mashine ya malaki ya shilingi kisha wakakataa kununua betri ya kuilinda umeme unapokatika. Ni mtu aliyejenga jahazi la mninga akashonea tanga la gunia.

Na hasara ya kazi hii ni kwamba ikifanywa vizuri haionekani. Watu wa makamo watakumbuka usiku wa tarehe 31 Desemba 1999. Ulimwengu mzima ulihofia kwamba mitambo, iliyozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, ingeuona mwaka 2000 ikadhani ni 1900. Mafundi walihangaika miaka kadhaa wakipekua programu mstari kwa mstari, na usiku huo wengi walikesha maofisini. Kulipokucha, matatizo yalikuwa machache na madogo. Walimwengu wakasema nini? Wakasema tumedanganywa, mbona hakikutokea kitu! Basi hata hivyo ndivyo inavyokuwa. Kisichotokea hakina shahidi.

Matatu ilikuwa ikipanda kuelekea Rongo na mvua ilikuwa imeanza, nami nikatoa karatasi nikaandika ubeti. Kijana alinitaka niuweke humu, nami sikuweza kumnyima:

Ni nani amkumbuke, unapowaka mtambo?
Jina lake litajike, likiharibika jambo,
Kila mtu amshike, kumtolea mafumbo,
Mtunzaji wa mitambo, hajulikani aliko.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili la kompyuta kuingia katika nyumba za biashara nyingine ni la jana, au kwamba lililetwa na makampuni makubwa ya mitambo. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya ofisi ilijengwa na wauza chai. Naam, wauza chai na keki! Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na mikahawa mingi, na kila siku ilikuwa na maelfu ya mauzo madogo madogo, kikombe hapa na andazi pale, na jeshi la makarani wa kuyajumlisha. Mwaka 1947 iliwatuma watu wake Marekani wakatazame hizo mashine mpya za kuhesabu, kisha ikakisaidia Chuo Kikuu cha Cambridge kwa fedha na fundi ili ijifunze kwao. Mwezi wa Novemba 1951 mashine yao wenyewe ilianza kupiga hesabu za thamani ya mikate na keki kila juma. Waliiita LEO, jina ambalo katika Kiswahili chetu limesibu kuliko wao walivyojua. Wauza chai hao waliona jambo ambalo mameneja wetu wengi hawajaliona, kwamba anayeijua kazi ya nyumba na anayeijua mashine yapasa wakae meza moja. Walipoona faida yake, mwaka 1954 waliunda kampuni nyingine ya kutengeneza mashine hizo na kuwauzia wengine.

Rongo tulibadilisha gari. Hapa kipo chuo kikuu kilichopata hati yake kamili mwaka 2016, na vijana wanaosomea habari na mawasiliano humo utawaona barabarani na mikoba yao mgongoni. Kijana wangu aliwatazama akasema kwamba wengi wao wanadhani watakwenda kutunga programu za kuushangaza ulimwengu, na wengi watakwenda kufungua milango ya printa iliyokwama karatasi. Hakusema kwa uchungu, lakini alisema.

Kutoka Rongo hadi Awendo pande zote mbili ni miwa. Kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini, kile watu wanachokiita Sony, kilianza kusaga mwaka 1979, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya binafsi kwa miaka thelathini. Sikuingia kiwandani safari hii. Ila nataka nieleze jambo moja la viwanda vya sukari kwa jumla, ambalo mtu wa Pwani huenda halijui. Mkulima hungoja muwa wake mwaka mmoja na nusu au hata miwili. Siku ukikatwa, trekta hupita juu ya mizani ikiwa imejaa, ikashusha, ikapita tena ikiwa tupu, na tofauti ya hesabu mbili hizo ndiyo tani za mkulima. Humo hutolewa gharama ya kulima, ya mbegu, ya mbolea, ya kukata na ya kubeba, na kinachobaki ndicho chake. Zamani aliandikiwa kwa mkono. Siku hizi tarakimu ya mizani huingia katika mashine na makato hufanywa humo humo. Basi tazama uzito wa kazi ya yule kijana asiyejulikana anayehakikisha kwamba mizani na mashine vinasikilizana. Mkulima hamjui, wala hajui kwamba miaka miwili ya jasho lake imepita katika vidole vya mtu huyo kwa dakika moja. Na mkulima akiona makato asiyoyaelewa akiuliza, jibu analopewa ni lile lile, kwamba mashine ndiyo iliyosema.

Jibu hilo linaniudhi. Mashine haisemi. Mashine huambiwa na mtu, nayo ikarudia. Katika ofisi za kaunti, tangu serikali hizo zilipoanza mwaka 2013, malipo hupita katika mtambo wa fedha wa serikali unaoitwa IFMIS, ambao umepangwa kutoka Nairobi, na mkandarasi asiyelipwa huambiwa kwamba IFMIS imegoma. Huenda ni kweli. Huenda pia fedha hazijafika, au karatasi iko chini ya karatasi nyingine juu ya meza ya mkubwa. Aliye karibu wa kulaumiwa ni yule kijana wa kompyuta wa kaunti, ambaye hawezi kuufungua mtambo wa Nairobi zaidi ya anavyoweza kuifungua Benki Kuu.

Kijana alinikumbusha kisa cha Mei 2024. Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika tarehe 12 mwezi huo karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikawa inajikokota. Kule Homa Bay wanachama walimzomea. "Niliwaambia waya umekatika chini ya bahari," alisema, "mzee mmoja akaniuliza kama nimepewa kazi kwa kutunga hadithi." Nilicheka, lakini nilihisi ugeni wa jambo lenyewe. Nyaya hizo zinatua kwetu Mombasa tangu 2009, na mmoja wao, TEAMS, umetoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, njia ile ile iliyopitwa na majahazi ya wazee wetu kwa pepo za kaskazi na kusi. Babu zangu walingoja miezi kupata barua kutoka Uarabuni. Sasa mama wa omena huko Homa Bay anangoja dakika ishirini, naye ana haki ya kukasirika, maana karo ni karo.

Wala sitawapamba vijana hawa kupita kiasi. Wapo miongoni mwao wenye kiburi cha elimu, wanaomjibu mzee kwa maneno ya Kizungu yasiyo na lazima ili aone haya ya kuuliza tena. Wapo wanaoficha ujuzi, asiujue mwingine, ili wasiweze kufukuzwa. Lugha pia imewashinda, au labda sisi ndio tuliowashinda. Wataalamu wetu waliunda tarakilishi, wengine wakaunda ngamizi, na wote hawa wawili nimewauliza wakasema kompyuta, na wakiwa wenyewe kwa wenyewe husema mashine. Nywila wanaijua kutokana na vitabu vya shule. Mkubwa wao anaposahau yake, jambo ambalo hutokea kila Jumatatu, husema, "Wewe kijana, nifungulie."

Tulifika Migori kabla ya magharibi. Mji ule una shughuli kubwa, malori ya kwenda na kutoka mpaka wa Isebania, Wajaluo, Wakuria, Waluhya, Wasomali, kila mmoja na Kiswahili chake. Pale stendi alitungoja mwanamke mmoja kijana, mwenziwe wa darasani. Huyu hakuwa katika fedha, alikuwa katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kaunti za Homa Bay na Migori ni miongoni mwa zile zilizoathiriwa zaidi na maradhi hayo nchini Kenya, na kwa hiyo ni miongoni mwa mahali ambapo kumbukumbu za wagonjwa ziliingizwa katika kompyuta mapema na kwa bidii. Programu iliyo nyingi humo, KenyaEMR, imejengwa juu ya ile ya OpenMRS iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Tunaizoea sana habari kwamba kila kitu cha mitambo kimetoka ng'ambo kikiwa tayari. Hii ilipata umbo lake katika zahanati zetu wenyewe, ingawa wageni walikuwapo.

Kazi yake, alieleza tukiwa tumekaa mkahawani kwa chai, ilikuwa ndogo. Kila asubuhi aliiuliza mashine ni nani aliyepaswa kuja jana kuchukua dawa na hakuja. Mashine ikatoa majina. Akayachapisha, akawapa wahudumu wa afya wa vijijini, nao wakaenda kwa miguu au kwa pikipiki kumtafuta kila mmoja: amesafiri, ni mgonjwa, amekosa nauli, amekata tamaa. Dawa hizi hazitaki kukatizwa. Mshahara wake ulitoka katika fedha za Marekani. Mwezi wa Januari 2025 serikali mpya ya huko ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu wengi waliolipwa kwa fedha hizo nchini Kenya waliambiwa wakae nyumbani, naye akiwa mmoja wao. Alipewa habari alasiri, kesho yake hakuingia.

"Ninaloliwaza si mshahara peke yake," alisema. "Ni ile orodha. Mashine bado ilikuwa inajua ni nani hakuja. Lakini hapakuwa na mtu wa kuiuliza."

Nilimwuliza je, sasa? Akasema baada ya miezi kadhaa kliniki yake iliunganishwa na sehemu nyingine ya hospitali, muuguzi mmoja akafundishwa kutoa orodha, naye huitoa anapopata nafasi kati ya kupima na kudunga sindano. Humpigia simu mara kwa mara kumuuliza kibonye gani kinafuata. Humjibu, wala halipwi. Yeye mwenyewe yuko katika duka la saiba karibu na soko, anawasaidia watu kujaza fomu za serikali, na wengi huja kujisajili katika bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Wengine humjia na simu zao wakidhani ndiye mwenye mtambo. Hukasirika naye pale pale.

Kijana hakusema kitu muda wote huo. Alikuwa amekumbatia mkoba wake. Kisha alitazama saa akasema tawi linafungwa, tukatembea mbio mbio kwenye matope hadi ofisini. Mlinzi alitoa daftari. Kijana akaandika jina, namba ya kitambulisho, saa, na mahali palipoandikwa sababu ya kuja akaandika neno moja tu, "nakala". Nikaona juu yake kurasa nzima za Ijumaa zilizopita, mwandiko ule ule, neno lile lile. Akaingia ndani. Aliporudi mkoba ulikuwa na diski nyingine, na simu yake ilikuwa inalia. Msichana wa dirishani kule Homa Bay alikuwa anafunga hesabu za siku na printa ilikuwa imegoma. Akasimama chini ya paa la duka, mvua ikinyesha, akamwambia polepole afungue mlango wa nyuma, aichomoe karatasi taratibu asiipasue, airudishe trei, angoje taa ya kijani. Magari ya kurudi Rongo yalikuwa yanajaa. Tulingoja taa ya kijani.